Kikao cha Jumamosi: uwajibikaji wa wadhamini wetu

Ndugu wanachama, asalaam aleikum na habari za jioni.

Jumamosi hii, saa 10:00 alasiri, tutakutana Shangani chini ya mkorosho wa Mwenyekiti kujadili wajibu kisheria wa wadhamini wetu, yaani wanaoshika mali kwa niaba yetu. Kwa kuwa bodi yao imesajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) chini ya Sura ya 318, sheria ya usajili wa wadhamini, kila mdhamini anajibu kwa mali iliyomfikia mkononi na kwa uzembe wake mwenyewe, hata kama anajitolea. Kwa hiyo kitabu cha stakabadhi za pampu, ambacho kurasa zake mbili zimechanwa, lazima kiwe mezani. Simtuhumu mtu.

1. Mhazini alete taarifa ya benki.
2. Kila nyumba ichangie shilingi 2,000 za chai na mihogo.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi usiku.

Katibu