Barua kwa mwanangu: huo utosi

Mwanangu,

Nimeikuza picha ya utosi wako mpaka mwisho. Unasema hicho kipara ni mapunye uliyoambukizwa kwa kinyozi. Hayo sidhani kama ni mapunye, baba. Angalia pembezoni mwa kipara, upande wa kisogo: nywele nane au kumi zimechomoza kwenye tundu moja, zimesimama kama nyuzi za mswaki, na chini yake pana gamba la manjano. Alama hiyo inanifanya nishuku folikulaitisi dekalvansi, ugonjwa adimu ambao daktari Mfaransa, Quinquaud, aliueleza mwaka 1888.

Katika ugonjwa huu, chembe nyeupe za damu huvamia vifuko vilivyoshika mizizi ya nywele, na mara nyingi bakteria wa stafilokokasi hukutwa humo. Kifuko kikishageuka kovu hakioti tena, hata upake mafuta gani. Tunachopigania ni nywele zilizobaki. Kinyozi usimgombeze, hukuambukizwa kwake. Ila wembe marufuku, na mashine isishuke chini ya namba mbili.

Muone daktari wa ngozi. Kutoka hapo Arusha, Moshi si mbali, na hospitali ya KCMC ya huko wana kituo cha kufundishia wataalamu wa ngozi tangu 1992. Siku ya kwenda usitumbue kipele hata kimoja. Usaha wa kupima bakteria unatakiwa utoke kwenye kipele ambacho hakijapasuka, na pamba nyingine ipite puani, maana bakteria hao hupenda kujificha huko. Kisha kitakatwa kinyama cha kupima cha milimita 4, kwa ganzi. Hapa ndipo mambo huharibika: kikikatwa katikati ya kipara, majibu yanarudi “kovu”, basi, hujui kovu la nini. Omba kwa adabu kikatwe ukingoni, penye nywele bado, pekundu na panapouma (kwenye ngozi yetu wekundu huonekana kama weusi uliokolea au zambarau), na kishuke hadi kwenye mafuta ya chini ya ngozi, ambako mizizi imelala.

Dawa huenda ikaanza na doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, ya miligramu 100, kwa miezi kadhaa. Imeze kwa glasi nzima ya maji, usilale kabla ya nusu saa kupita. Ikikwama inaunguza koo kwa ndani. Usiimeze na maziwa.

Ikishindwa, kuna dozi ya dawa mbili: rifampisini miligramu 300 na klindamaisini 300, asubuhi na jioni, wiki 10. Rifampisini ndiyo ileile ya kifua kikuu. Hakikisha umepimwa TB kwanza, kwa sababu ukiwa nayo bila kujua, dozi hiyo itawafundisha vijidudu usugu. Hata kwa bakteria hawa wa kichwani, usiimeze peke yake, watai​zoea upesi. Tena hupunguza nguvu ya dawa nyingine nyingi, kwa hiyo mtajie daktari kila unachomeza. Mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa, usishtuke. Lakini ukiharisha sana, hiyo huenda ni klindamaisini: usijikaze, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Kila tarehe 1 piga picha karibu na dirisha, sarafu ya shilingi 200 ikiwa pembeni ya kipara. Ugonjwa huu hutulia, ukiacha dawa ukaibuka tena, na macho hayakumbuki ukubwa wa mwezi jana. Ya leo irudie. Kidole chako kimeziba ukingo wa kushoto.

Mama