Barua kwa vijana wangu mnaokwenda kukaa meza moja na Wajapani

Wanangu, salaam. Nasikia mwezi ujao mnakwenda Yokohama na Nagoya kuonana na watu wa magari na spea, nimefurahi kweli, ila nina neno na naomba mlisome lote maana haraka zenu zinaweza kuwagharimu.

Kadi za biashara chapisheni za kutosha, ziwe kwenye kipochi kisafi, sio mtu unachomoa kwenye waleti ya mfuko wa nyuma. Mkubwa wenu aanze na mkubwa wao. Unaishika kwa mikono miwili, maandishi yamemwelekea yeye, unainama kidogo unataja kampuni na jina lako, ya kwake unaipokea vivyo hivyo halafu unaisoma kweli, sio kuitupia jicho. Mkikaa ipange mezani mbele yako kufuata walivyokaa, itakusaidia na majina, na usiandike kitu juu yake kabisa. Mwite kwa jina la ukoo ukimalizia na san, neno lao la heshima, wewe mwenyewe usijiite hivyo.

Viti subirini muonyeshwe, mgeni huwekwa mbali na mlango. Mkiona mtachelewa hata dakika 5 pigeni simu mapema.

Sasa hili ndilo linaniuma zaidi. Vijana wetu wakishataja bei wanataka jibu palepale, mwenzako akinyamaza unaanza kushusha bei mwenyewe hata hujaombwa! Acheni. Anafikiria, na nyie nyamazeni. Akiitikia kwa kichwa anaonyesha anakusikia, bado hajakubali, na akivuta pumzi akasema ni ngumu kidogo au tutalifikiria, jueni pana tatizo, msimbane mbele ya wakubwa zake, mtafuteni baadaye yule mliyezoeana naye mumuulize pembeni taratibu. Kwao kwenye makampuni makubwa uamuzi mara nyingi hautoki kikaoni, wanaongea kwanza mmoja mmoja, pendekezo linaandikwa linazungushwa kwa wakuu mpaka wote waridhie, ndio maana inachukua wiki kadhaa. Ila wakishakubali kazi inakwenda chapu, na tarehe mliyosema wataishika ileile.

Zawadi bebeni kahawa, ya Kilimanjaro wanaijua sana kule, ifungwe vizuri na iwe ya kutosha ofisi kugawana, mpeni kwa mikono miwili, asipoifungua mbele yenu msijisikie vibaya, ndio desturi. Na siku ileile kabla hamjalala andikeni imeili ya kushukuru, mrudie humo yote mliyoelewana pamoja na tarehe zake.