Kabla ya kununua redio mpya, tazama betri ya trekta lako

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu makala ya ukurasa wa ufundi iliyowaeleza wasomaji namna ya kung'oa redio ya zamani kwenye trekta na kufunga ya kisasa yenye Bluetooth na USB. Makala ilisema kazi yote ya kuunga umeme ni nyaya tatu: wa njano na mwekundu, ambazo ni za chanya, na mweusi, ambao ni wa hasi. Kwa gari la leo ni kweli. Kwa trekta lililoundwa miaka ya 1950 au 1960, maelezo hayo yanaweza kuunguza redio, yakaunguza nyaya, na pale penye dizeli inayovuja na majani makavu yaliyonasa chini ya tangi, yakaunguza trekta lenyewe.

Mimi ni fundi umeme wa matrekta, na haya makuukuu ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Sipingi redio mpya. Dereva anayelima peke yake kutwa nzima ana haki ya kusikia taarifa ya habari na muziki wake. Ninachopinga ni haraka.

Matrekta mengi ya enzi hizo yana betri iliyofungwa kinyume cha tulivyozoea. Chanya ndiyo iliyoungwa kwenye bodi, yaani chuma cha trekta lenyewe, na hasi ndiyo inayopeleka umeme kwenye taa na stata. Ndivyo zilivyotoka kiwandani Fordson Major na Massey Ferguson 35 nyingi za Uingereza. Ford 8N ya Marekani, iliyoundwa kuanzia 1947 hadi 1952, nayo ni chanya kwenye bodi, na juu ya hapo betri yake ni ya volti 6, kwa hiyo redio ya volti 12 haitawaka humo hata ukiifunga kwa ustadi gani. John Deere 4020 za mwanzo za dizeli zina betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfululizo kupata volti 24, na mzigo wa taa umegawanywa kati yake. Ukichukua umeme wa redio kwenye betri moja, hiyo itakuwa inapungukiwa chaji huku mwenzake anazidishiwa, mpaka zote mbili zife kabla ya wakati wake. Hapo panatakiwa kibadilishi cha kushusha volti 24 hadi 12, tena cha aina ambayo upande wa kuingilia umeme na upande wa kutokea havikuungana kwa waya wowote ndani.

Redio za kisasa za gari zote zinataka hasi kwenye bodi. Ganda lake la chuma lenyewe ni hasi. Mafundi wengi wanalijua hili, na njia yao ya mkato ni kulifunga ganda kwa mpira lisiguse trekta, kisha kugeuza nyaya: mweusi unakwenda kwenye hasi ya betri, wa njano na mwekundu kwenye bodi. Redio inawaka, mteja anafurahi, analipa na kuondoka.

Mteja mmoja aliniletea Fordson Major iliyofungwa namna hiyo. Waya wa antena ulikuwa umeyeyuka kuanzia nyuma ya redio hadi kwenye madigadi, plastiki yake imegandamana na rangi ya bati. Kilichotokea ni hiki. Waya wa antena una wavu wa shaba uliosukwa kuuzunguka uzi wa katikati, na shaba hiyo imeungana na ganda la redio, ambalo sasa liko kwenye hasi ya betri. Upande wa pili, kitako cha antena kimefungwa kwa nati kwenye madigadi, ambayo ni chanya. Siku kutu na rangi zilipokwanguka chini ya ile nati, hasi na chanya zikakutana kupitia kiwaya chembamba cha antena. Fyuzi ilikuwepo, na haikukatika. Ilikuwa kwenye waya wa njano, kama kiwanda cha redio kilivyoiweka, wakati umeme ulikuwa unapita kwenye waya mweusi ambao hauna fyuzi kabisa. Mwenye trekta alinusurika kwa sababu alikuwa karibu na alikuwa na spana ya kulegezea kichwa cha betri.

Kwa hiyo nasema wazi: usigeuze redio, geuza trekta. Ni kazi ya saa chache, haikati chuma wala kutoboa tundu, na yeyote atakayetaka kulirudisha lilivyokuwa ataweza. Fungua betri, igeuze, hasi iende kwenye bodi. Vichwa vya waya huenda ukalazimika kuvibadilisha, kwa maana nguzo ya chanya ya betri ni nene kidogo kuliko ya hasi. Geuza nyaya mbili za amita, ile saa ya kuonyesha chaji, la sivyo sindano itaonyesha inachaji wakati inatumia. Kama ni trekta la petroli, geuza na nyaya mbili ndogo za koili. Taa hazijali. Stata ya asili haijali pia: ina koili za sumaku badala ya sumaku za kudumu, hivyo itazunguka upande uleule.

Dainamo, mashine inayochaji betri, ndiyo inayosahaulika. Ndani ya vyuma vyake umebaki usumaku kidogo wa mwelekeo wa zamani, na usipoubadilisha itaanza kuchaji kinyume. Fungua waya ulioko kwenye nguzo yenye herufi F ya dainamo, ile ya koili zake za sumaku, chukua kipande cha waya kutoka kwenye chanya ya betri, ambayo sasa ndiyo yenye moto, kigusishe kwenye F mara chache kwa kufumba na kufumbua, kisha urudishe waya wake. Utaona cheche ndogo, na kazi imekwisha. Kama trekta limeshabadilishiwa dainamo likawekewa alternata, mashine ya kuchaji ya kisasa, usiguse chochote kabla hujahakikisha imefungwa vipi, kwani dayodi zake zinakufa papo hapo ukikosea betri.

Ukiwa na dainamo, jua pia kiasi cha umeme ulichonacho. Lucas C40, ambayo ilifungwa kwenye matrekta mengi, inatoa hadi ampea 22 injini ikizunguka kwa kasi, na trekta likisimama linanguruma polepole haitoi karibu chochote. Taa mbili za mbele na moja ya nyuma zinaweza kula zaidi ya nusu ya hizo. Redio kwa sauti ya kawaida inakula kidogo, lakini yale maandishi ya wati 50 mara nne kwenye boksi yasimshawishi mtu kuongeza amplifaya.

Waya wa njano, ule wa kumbukumbu ya saa na stesheni, una adha ya pekee kwenye trekta la zamani kwa sababu linaweza kukaa bandani muda mrefu bila kuwashwa. Redio inayovuta miliampea 10 tu ikiwa imezimwa itakuwa imetoa zaidi ya ampea-saa 7 kwenye betri kila mwezi. Mimi hufunga swichi ya kukata betri yote, au huunganisha wa njano na mwekundu pamoja nyuma ya swichi moja yenye fyuzi yake, na huwashauri wateja wanunue redio isiyosahau stesheni umeme ukikatika. Tena redio iwashwe baada ya injini kuwaka. Stata inapozunguka volti zinaporomoka, na inapoachia zinaruka, na misukosuko hiyo haimfai mgeni wa kielektroniki.

Kuhusu mluzi unaosikika redioni, unaopanda na kushuka na kasi ya injini, sitakawia. Leta umeme wa redio moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwangua rangi mpaka chuma king'ae pale antena inapofungwa, na weka kapasita ya maikrofaradi 1 kwenye nguzo ya D ya dainamo, ile inayotoa umeme. Kamwe usiiweke kwenye F.

Lipo jambo ambalo makala yenu haikuligusa hata kwa sentensi moja, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Trekta lisilo na kebini, likilima, mara nyingi linapita desibeli 90 sikioni mwa dereva. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka muda huo unapungua kwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na kwa desibeli 100 ni dakika 15 basi. Sasa fikiria mtu amefunga spika mbili kwenye madigadi, na ili asikie maneno ya mtangazaji inabidi sauti iupite mngurumo wa injini. Anajimwagia kelele juu ya kelele, kutwa, msimu baada ya msimu. Nimefanya kazi na madereva wazee ambao unapaswa kusimama mbele yao na kusema huku wakikutazama midomo. Kijana wao akija kuniomba spika kubwa zaidi, namwambia kwanza tuibadilishe sailensa iliyotoboka, halafu anunue vikinga masikio vyenye redio ndani. Vipo, vinapokea Bluetooth, na vingi vina kikomo cha desibeli 82. Spika zibaki za wakati trekta limesimama. Na hata hivyo vikinga visipandishwe sauti kiasi cha kumzuia asisikie mtu anayepiga kelele nyuma yake karibu na shafti ya kuendeshea zana.

Nimalizie na redio ya zamani yenyewe, kwani makala ilisema itupwe. Tafadhali msiwaambie watu hivyo. Zile transista zilizoundwa kwa madini ya gerimaniamu ndani yake ni adimu, na mara nyingi kilichokufa ni kapasita zilizokauka, vitu ambavyo fundi redio anavibadilisha mezani. Redio mpya ifungwe kwenye kisanduku chake, kikamatwe kwa boliti kwenye matundu ambayo tayari yapo. Wala mtu asitoboe wala kuchomelea ile fremu ya kumkinga dereva trekta linapopinduka. Likipinduka, chuma kinaweza kupasuka pale penye tundu. Trekta hili limekwishaishi kuliko redio yake ya kwanza na litaishi kuliko hii ya pili. Norway ilizima FM ya vituo vyake vya kitaifa mwaka 2017, na redio za FM zilizokuwa kwenye matrekta huko zikabaki bila vituo hivyo. Anayenunua leo achague yenye tundu la kuingizia sauti kutoka kifaa kingine chochote, na afunge kwa namna ambayo mwanawe ataifungua kwa spana mbili.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba ukurasa wa ufundi uchapishe mchoro wa betri ya chanya kwenye bodi na ile ya hasi kwenye bodi, na uwaombe wasomaji walioshageuza matrekta yao waandike kwa rangi karibu na betri nguzo ipi iko kwenye bodi. Fundi atakayefuata ataona mara moja kabla hajaunga waya. Mchoro niko tayari kuuchora mwenyewe, bila malipo.

Wako,
Fundi umeme wa matrekta