Waliochukua damu yetu warudishe majibu

Mhariri,

Taarifa yenu ya juma lililopita, iliyosema wakazi wa Mombasa ni wakaidi wa mambo ya utafiti na huwafungia milango wanaokuja na fomu, imenikaa kooni. Gazeti hili lilikuwa likiingia nyumbani kwangu tangu enzi za marehemu mume wangu na sijawahi kuliandikia hata mstari. Safari hii sinyamazi, kwa sababu mmoja wa hao waliofunga mlango ni mimi, na sababu yangu hakuna aliyeiuliza.

Nina nyumba ya kupangisha Majengo: vyumba pande mbili, ua, na bafu lenye birika la saruji. Mwishoni mwa 2017 kuingia 2018, chikungunya, homa ya maumivu ya viungo inayoenezwa na mbu, ilipotapakaa mjini, nyumba nzima ilianguka. Vidole vilivimba hata kufunga kifungo ikawa kazi. Mpangaji wangu mmoja, hamali wa sokoni, kijana wa kubeba magunia, alikuwa akiinuliwa kitandani na mkewe. Katika dhiki ile wakaja watafiti. Walibisha hodi kwa adabu, nikawakaribisha. Wakachota maji ya birika kwa bakuli jeupe, wakanimulikia viluwiluwi wakipanda na kushuka. Wakanieleza jambo ambalo umri wangu wote sikuwahi kulisikia: kwamba mbu huyu si yule wa malaria anayeuma usiku. Huyu huuma mchana, tena huzaliwa humu humu ndani, kwenye maji safi tuliyojiwekea. Mayai yake hugandamana na kuta za birika na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa bila kufa, kwa hivyo kumwaga maji hakutoshi, lazima kuta zisuguliwe. Nikasugua siku ile ile, na nikawapitia majirani mlango kwa mlango nao wasugue. Watafiti wakatoa damu kwa wapangaji wangu, wakaandika majina, wakasema watarudi na majibu. Hawakurudi. Kaskazi ikaisha, kusi ikaingia, hawakurudi. Mjukuu wangu anayesoma chuo ndiye aliyekuja kuniambia kwamba matokeo yalishasomwa zamani, hotelini, kwa Kiingereza, mbele ya watu wasiojua Majengo iko wapi. Yule hamali mpaka leo hajui damu yake ilionyesha nini. Na lililonichoma zaidi ni kwamba gari la kupuliza dawa liliendelea kupita barabarani usiku, sisi tumelala, na mbu wenyewe wametulia ndani, chini ya vitanda na nyuma ya makabati. Elimu niliyopewa mimi bafuni kwangu, aliyepanga ratiba ya gari lile hakupewa? Kama alipewa, kwa nini gari halikubadilisha saa?

Basi walipokuja wengine na fomu zao na sindano zao, niliwauliza majibu ya wale wa kwanza. Wakaniambia wao ni mradi mwingine. Nikafunga mlango.

Hilo si ukaidi, Mhariri. Utafiti ni kuuliza, kupima, kisha kuweka wazi ulichopata ili wengine wakikague na wakitumie. Aliyeuliza na kupima kisha akaondoka na majibu, kazi yake hajaimaliza, hata kama ameshapewa shahada.

Na watu wa pwani hii wakionyeshwa, hukubali. Miaka ya tisini, kule Kilifi, watafiti wa KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, walitaka kujua kama chandarua kilichotiwa dawa kinaokoa watoto. Hawakutoa hotuba. Sehemu zingine zilipewa vyandarua kwanza, zingine zikangoja, kisha wakahesabu pande zote mbili. Vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa karibu theluthi moja. Nani leo pwani hii anabishana kuhusu chandarua? Na hapa hapa mjini, Owino Uhuru, Phyllis Omido alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, mtoto wake akaugua, na damu ya mtoto ilipopimwa ikakutwa na sumu ya madini ya risasi. Mama yule alikamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi. Lakini wakazi walipimwa, udongo ukapimwa, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kilio cha akina mama kilikuwepo tangu awali. Vipimo ndivyo vilivyofanya kisikike. Watu hao hao ndio mnaowaita wagumu wa kuelewa?

Nanyi gazeti mna deni lenu. Kila wiki naona kichwa cha habari "Wataalamu wasema", kisha mistari mitatu. Walipimwa watu wangapi? Wa wapi? Nani alilipa? Hamwandiki.

Halafu tunaambiwa tusiweke maji ndani. Maji ya Mombasa yanatoka mbali, Mzima, Marere, Baricho, Tiwi, na bomba la Mzima ni la miaka ya hamsini, mji ulipokuwa na watu wachache. Mfereji wangu hukauka wiki nzima, tukanunua madumu ya mkokoteni kwa bei anayotaka muuzaji. Birika lile ndilo linalotupatia maji ya kuoga na kutawadhia. Anayetaka nilivunje aje kwanza na maji. Miaka yote hii sijamwona mtafiti hata mmoja akija kuuliza kuhusu mfereji mkavu, na mbu yule anatokana na mfereji huo.

Napendekeza hivi. Anayetaka damu au maji ya mtaa, kabla hajaruhusiwa, aandike tarehe atakayorudi na ibandikwe ukutani kwa chifu. Siku hiyo aje baada ya sala ya alasiri, akae barazani, aseme kwa Kiswahili aliuliza nini, alipima wangapi, amepata nini na nini kimemshinda. Asipotokea, asipewe mtaa mwingine kaunti nzima. Na nyinyi mtenge nusu ukurasa kila Ijumaa kwa majibu hayo, pembeni mwa msimamo wa ligi, kwa sababu ukurasa huo ndio unaozunguka maskani mpaka unachanika.

Baraza yangu ni ndefu na ina kivuli kuanzia saa tisa. Kahawa nitatoa mimi. Waanzie hapo.

Mama mwenye nyumba,
Majengo, Mombasa