Barua kwa mwanangu: usishuke kwenye matope

Mwanangu,

Hatujambo, mama yako anasema ukijibu andika usitume sauti, simu yake spika imekufa. Video ya lile kundi la ndege wa pwani tumeipata. Nimeiangalia mara nyingi kuliko unavyodhani, nimeenda nayo mpaka dikoni kwa wavuvi, watu wakabisha wakasema ule ni moshi sio ndege. Nikawaambia huyo mwanangu yuko Snettisham, Norfolk, huko Uingereza, na hao ndege wanazaana Greenland na Canada huko kwenye barafu, wanashuka kuja kula kombe wadogo kwenye matope, na kwa Kiingereza wanaitwa noti. Wakacheka, basi atutumie mbili tatu. Nilijidai siku hiyo, sikufichi.

Ila ile video mwanzo kabisa, kabla hujainua simu juu, nimesikia viatu vyako vinafyonzwa. Fyo, fyo. Mtu aliyesimama juu ya tuta viatu havilii hivyo. Na kushoto pana kamkondo, maji yanakwenda upande wa nchi kavu, yaani yalishakupita yako nyuma yako. Ulikuwa umeshuka.

Si wewe uliyenieleza kwamba wanaruka vile sababu ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, yakifunika matope yote wanakosa pa kusimama ndo wanahamia kwenye yale madimbwi ya nyuma ya tuta, palipochimbwa changarawe zamani? Sasa mwenye mabawa anakimbia, we unabaki na simu unangoja nini?

Huku bamvua kubwa ni mita 4 hivi na tunaliogopa, huko linapita mita 6, halafu pwani yenyewe tambarare, maji hayaji kwa wimbi useme utayaona, yanazungukia mikondoni yanakufungia njia kimyakimya we uko bize unahesabu ndege. Na kwetu likijaa ni saa kumi hivi, huko unasema saa kumi na mbili saa moja asubuhi ndo mana mnatoka na giza. Giza na baridi na upo peke yako.

Ile siku ya kule kwenye fungu la mchanga siirudii, unaijua. Mama yako mpaka leo anaamini ulikaidi nilipokuita. Nilisema maji nimeshayaangalia, na sikuwa nimeyaangalia. Basi, tuendelee.

Mwezi mpevu ni Alhamisi kwa hiyo Jumamosi ndo bamvua lenyewe, na najua shifti umeshabadilisha uende. Sikukatazi. Kaa kwenye vile vibanda vya kuchungulia, wale wazee wa Kizungu na chupa zao za chai unaosema wanakuchosha kwa maswali, wajibu, kaa nao. Mtu akiulizia yule kijana mbona hatujamwona, hiyo ni faida. Matope usishuke. Hata kama ndege mzuri kakaa mbali, usishuke, darubini umenunua ya nini? Bei yake uliitaja na mimi sikusema kitu, ingawa paa la jikoni linavuja tangu masika.

Yule sululu uliyempiga picha kumbe ndo hawa hawa wa kwetu, mdomo umepinda vilevile, nimemfurahia kuliko wale noti wote pamoja. Ila picha imetikisika. Mikono ilikuwa baridi, vaa glavu, mama yako ameshasema mara ngapi.

Fundi wa paa kaja, kahesabu bati 14, mama yako anasema 12 zinatosha, mimi naona 16 maana na banda la mbuzi lile halina hali. Usitume hela kwanza, tukubaliane. Dada yako posa imerudi tena, safari hii watu wenyewe wanaeleweka kidogo, atakwambia mwenyewe mimi nimekatazwa kusema.

Unachotuma sasa hivi ni jedwali la maji la huko, la mwezi mzima, uliandike kwa saa zetu, nipige hesabu mwenyewe. Na Jumamosi maji ya asubuhi yakishaanza kupwa uniandikie, neno moja tu. Huku itakuwa saa nne, nitakuwa dikoni. Andika kwenye simu ya dada yako, yangu inashinda kwa jirani kuchaji.

Baba yako