Bibi alale wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wachora ramani za maghorofa ya makazi jijini Dar es Salaam wanalipita kimyakimya, nalo ni mahali pa kulala bibi.

Nilikulia Magomeni katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, na jiko, choo na bomba vikiwa uani. Chumba cha bibi kilikuwa cha kwanza mkono wa kulia ukiingia, na kwa kuwa mlangoni palikuwa na pazia tu kutwa nzima, hakuna aliyepita bila kumwamkia. Akitaka kupunga upepo alikuwa na baraza, akitaka kuchambua mchele alikwenda uani, na hakupanda ngazi hata moja. Sisemi kwamba ilikuwa pepo: choo kimoja kwa watu kumi na wanne kilituletea ugomvi kila alfajiri.

Leo tuko vizazi vinne katika vyumba viwili, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Siku ya kliniki ya presha, mimi na ndugu yangu humkalisha bibi kwenye kiti cha plastiki tukamshusha, mmoja akishika miguu ya mbele na mwingine mgongo wa kiti, huku yeye akizihesabu ngazi kwa sauti. Hadi kliniki nyingine, hashuki tena.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa tegemeo kuu la matunzo ya wazee, na kwa kuwa huku Bara hakuna pensheni ya wazee wote kama ile ambayo Zanzibar huwalipa wenye miaka 70 na zaidi tangu 2016, wengi wao hawana pa kwenda ila kwa watoto wao. Basi wanaojenga kwa fedha za umma walazimishwe kutenga nyumba za chini zenye chumba cha mzee, choo cha kukaa na vishikio ukutani, na familia zinazoishi na wazee zifikiriwe kwanza. Katika jengo letu, chini kote ni fremu za maduka.

Mkazi wa Kinondoni,
Dar es Salaam