Kibao cha treni kiseme inakoishia na inakopitia

Kwa Mhariri,

Hivi majuzi msomaji wako mmoja wa Kisumu alipendekeza katika ukurasa huu kwamba treni za mijini zikifika huku kwetu, kila njia ipewe jina na rangi yake, na abiria hawatapotea tena. Alitoa mfano wa London. Namshukuru kwa kulifikiria jambo hili mapema, maana kibao cha treni ndicho kitu ambacho wakubwa hukikumbuka utepe ukishakatwa na picha zikishapigwa. Lakini mimi nimekula mshahara wa reli tangu ujana hadi nilipostaafu, miaka mingi nikiwa stesheni masta upande huu wa Nakuru na Molo, na mfano wa London alioutoa unanipa mimi haki, si yeye.

Njia ya District kule London ina rangi ya kijani, mwanzo hadi mwisho. Ukisimama stesheni ya Earl's Court ukitaka kwenda magharibi, treni ya Wimbledon ni ya kijani, ya Richmond ni ya kijani, ya Ealing Broadway ni ya kijani, na ya Olympia vilevile. Zote hupita stesheni ile ile, nyingi zikitumia jukwaa lile lile, zikifuatana kwa dakika chache. Rangi imekufikisha pale stesheni, kisha imekuacha. Kinachokuokoa ni kibao.

Hali hiyo si ngeni kwetu. Kutoka Nairobi hadi Nakuru reli ni moja. Ukishaipita Nakuru kidogo, inagawanyika: mkono mmoja unakwenda Njoro, Elburgon, Molo, Londiani, Fort Ternan, Muhoroni hadi Kisumu, mwingine unapanda Timboroa, unashuka Eldoret na kuendelea hadi Malaba. Enzi zile za treni za usiku, abiria walifika jukwaani Nakuru wakiwa wamejifunika mablanketi, mama amebeba mtoto mgongoni na kapu mkononi, na swali lilikuwa lile lile kila usiku: "Mzee, hii ni ya Kisumu ama ya Malaba?" Mabehewa yalifanana. Injini zilifanana. Mtu angelala huku akitarajia kuamkia ziwani, kumbe anapelekwa mpakani.

Tulikuwa na ubao mweusi wa chaki. Uliandikwa kwa herufi kubwa: treni inaishia wapi, inapitia wapi, itaondoka saa ngapi. Watu waliuamini, na nataka nieleze kwa nini, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha barua hii. Aliyeuandika ubao ule ndiye aliyekwisha kuzungumza na stesheni ya mbele kwa simu na kuomba njia, na ndiye aliyemwagiza pointiman, yule mgeuza pointi, yaani reli zile za pale njia zinapoachana, aziweke upande upi. Mkono ulioelekeza treni na mkono ulioshika chaki ulikuwa mmoja. Treni ikibadilishiwa mpango, ubao ulifutwa saa hiyo hiyo.

Kijana wangu anaishi Uingereza, na nilipomtembelea nilimwomba anipeleke Earl's Court badala ya kwenye majumba ya wafalme. Juu ya jukwaa palikuwa na sanduku refu lenye majina ya vituo vya mwisho yaliyoandikwa yakapangwa kutoka juu hadi chini, na kando ya kila jina palikuwa na mshale. Treni ijayo ikiwa ya Wimbledon, mshale wa Wimbledon unawaka taa. Ikiondoka, mshale unazima na mwingine unawaka. Hakuna maneno ya kupita mbio, hakuna matangazo ya biashara. Mtu anaangalia mara moja, anajua. Nilikaa kwenye benchi nikiangalia ule mshale ukihama, treni baada ya treni, hadi kijana akaanza kutazama saa yake.

Sasa, sanduku kama lile hujuaje? Wengi hudhani treni yenyewe ndiyo inayotangaza. Ilivyo, kwa mtindo uliozoeleka, umeme mdogo hupitishwa kwenye reli zilizokatwa vipande vipande, na kila kipande kina saketi yake. Treni ikiingia kwenye kipande, magurudumu na ekseli huziunganisha reli mbili, umeme haufiki tena mwisho wa saketi, na taa kwenye meza ya mwongozaji, yule anayegeuza pointi akiwa chumbani, inawaka: pana treni hapa. Lakini saketi haijui ni treni ya nani. Inaona chuma tu. Kwa hiyo treni inapoanza safari hupewa utambulisho wake, yaani namba yake na inakokwenda, na utambulisho huo huandikwa kwenye mtambo. Kila treni inapotoka kipande kimoja kuingia cha pili, mtambo huusogeza utambulisho nao hatua moja mbele. Kwenye reli kuu za Uingereza utambulisho huo ni herufi moja na tarakimu tatu: tarakimu ya kwanza inasema ni treni ya aina gani, kama ya mwendo wa haraka au ya kawaida, herufi inaonyesha mara nyingi inakoelekea, na tarakimu mbili za mwisho ni zake peke yake.

Basi utaona udhaifu uko wapi. Mwongozaji akiamua treni ya Wimbledon igeuzie njiani kwa sababu ya msongamano, akaigeuza pointi na asiubadilishe utambulisho, mtambo utaendelea kusogeza uongo kutoka stesheni hadi stesheni kwa uaminifu mkubwa. Na mbele ya treni pana kibao kingine. Zamani kilikuwa kitambaa kirefu chenye majina, kinachoviringishwa kwa mkono. Siku hizi ni taa zinazopangwa na dereva au na kompyuta ya treni. Vibao viwili, vyanzo viwili. Siku vinapopingana, abiria husimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje, na treni nzima inachelewa kwa ajili ya swali ambalo lingejibiwa na neno moja.

Hata jina la kituo cha mwisho peke yake halitoshi kila mahali. Kule kule London njia ya Northern kwa miaka mingi ilikuwa na treni za namna mbili zilizoishia Morden, ila moja ilipitia kituo cha Bank na nyingine cha Charing Cross. Anayeshuka katikati ya mji anahitaji kujua inakopitia, Morden haimhusu. Njia ya Circle nayo, kabla ya Desemba 2009, ilizunguka bila mwisho, na treni isiyo na mwisho utaiandikia nini? Berlin wamelijibu vizuri: treni za duara zinazofuata mwendo wa saa zinaitwa S41, zinazokwenda kinyume chake S42. Na New York, treni namba 7 zote ni za njia moja lakini baadhi huruka vituo, kwa hiyo mabehewa yanaonyesha alama nyekundu ya almasi kwa zinazoruka na duara la kijani kwa zinazosimama kila kituo. Hapo rangi imefanya kazi, kwa sababu imepewa swali moja dogo la kujibu.

Hapa nyumbani, Nairobi tayari ina jambo hili: treni za Ruiru, za Embakasi na za Syokimau zote hupitia Makadara kabla ya kuachana. Anayesimama Makadara jioni anahitaji kibao kuliko anavyohitaji ramani yenye rangi nzuri. Na ikiwa siku moja Nakuru itapata treni za asubuhi za kuleta wafanyakazi kutoka Njoro upande mmoja na Rongai upande mwingine, zitaingia mjini kwa reli ile ile, na jioni zitatoka kwa reli ile ile. Kuziita zote "Njia ya Bluu" ni kumwachia mama wa sokoni kazi ya kubahatisha.

Tunalijua hili kwa uchungu kutoka stendi za matatu. Kibao kwenye kioo kinasema Kisumu, utingo anaimba Kisumu, nauli unayolipa ni ya Kisumu. Mkifika Kericho mnaambiwa gari linarudi, shukeni mtafutiwe lingine. Dada yangu alishushwa hivyo usiku akiwa na mgonjwa. Gari lilikuwa limefuata barabara sahihi kabisa. Kibao ndicho kilichomdhulumu, kwa sababu kilitaja njia na hakikutaja mwisho wa gari lile, siku ile. Treni inayogeuzia njiani itafanya vivyo hivyo tusipokataa mapema, na treni hushusha mamia kwa mara moja.

Kwa hiyo ninachowaomba wanaopanga mambo haya, wa serikali kuu na wa kaunti, ni kwamba kibao cha jukwaani na cha kwenye treni visomwe kutoka chanzo kimoja, na chanzo hicho kiwe chumba cha yule anayegeuza pointi. Ratiba isiwe ndiyo inayokiandikia kibao, kwa maana ratiba ni nia tu. Treni huenda inakopelekwa na pointi. Neno la kwanza liwe kituo cha mwisho kwa herufi kubwa, chini yake "kupitia" na jina la kituo kimoja au viwili vinavyotofautisha, na kama treni inaishia njiani leo, kibao kiseme hapo inapoishia leo. Kiandikwe Kiswahili kwanza. Taa zake zijaribiwe kwenye jua la saa nane mchana pale Kisumu, siyo ndani ya ofisi yenye mapazia. Na stima zikipotea, kama zinavyopotea, kila stesheni iwe na ubao wa kawaida na mtu mwenye mamlaka ya kuuandika.

Kuna jambo moja husahaulika hata na wataalamu: aliyekwisha kupanda haoni kibao cha mbele ya treni wala cha jukwaani. Mpango ukibadilika treni ikiwa Njoro, abiria aliye behewa la tatu atajua vipi? Pawe na skrini ndani ya kila behewa, na sauti ya gadi au ya dereva itangaze mabadiliko mara mbili kabla milango haijafungwa, ili asiyeweza kusoma au asiyeona vizuri apate nafasi ya kushuka.

Stesheni masta mstaafu,
Njoro, Nakuru